Noir Yenye Uchawi: Uanze na Dresden, Peter Grant, Zinzi au Borlú?

Wapenzi wa riwaya za upelelezi zenye uchawi huulizana swali moja kila mara: ipi ina uchawi mkali zaidi? Ni swali la kupoteza muda. Mtu hulichukua jibu lake, akanunua kitabu, akakiachia katikati, kisha akarudi akilalamika kwamba mpelelezi ni mnyonge, au kwamba mwisho umemwacha na kinyongo, au kwamba alitaka giza akapewa mizaha. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila mara nyingi kitabu hakina kosa. Kilipimwa kwa kipimo kisicho chake.

Kipimo ninachotumia mimi kwa wapelelezi hawa wanne, kila mmoja na riwaya yake, ni deni. Mhusika mkuu anadaiwa nini, anadaiwa na nani, na uchawi wake unaweza kulilipa deni hilo?

Nieleze. Katika noir ya asili, yaani riwaya ya upelelezi yenye giza, mpelelezi humpata muuaji, lakini aliyemtuma muuaji hubaki palepale, tajiri, salama, na marafiki zake wakubwa. Fumbo linafumbuliwa, dhuluma haiondoki. Fantasia kwa desturi yake huenda upande mwingine: mwenye nguvu akipatikana, mambo hurudi yalivyokuwa. Ukivitia vitu hivi viwili kwenye chungu kimoja, vinavutana. Mtu anayeweza kurusha moto kwa kiganja, kwa nini amwogope mwenye nyumba anayedai kodi? Kila mwandishi ana jibu lake, na jibu hilo ndilo linalomfanya msomaji akipende kitabu au akitupe, hata kama yeye mwenyewe anadhani analalamikia mazimwi.

Jina lenyewe, noir, yaani nyeusi, lilitoka Ufaransa. Mkosoaji Nino Frank alilitumia mwaka 1946 kuzielezea filamu za Marekani zilizokuwa zimeanza kufika Paris baada ya vita. Hadithi zenyewe ni za zamani zaidi, za magazeti ya bei rahisi kama Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920, ambamo Dashiell Hammett alimtoa mpelelezi kwenye sebule za matajiri akamtupa barabarani. Raymond Chandler akaongeza sauti: msimulizi wa nafsi ya kwanza, aliyechoka, mwenye ulimi mkali na mfuko mtupu. Sauti hiyo ndiyo fantasia ya mjini iliyoazima. Mwaka 1993 Laurell K. Hamilton alimleta Anita Blake, mfufua maiti wa St. Louis, mwaka 2000 Jim Butcher akamleta Harry Dresden wa Chicago, na baada ya hapo foleni haikukatika.

Msomaji wa Kiswahili anaingia humu na mazoea yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anafika penye watu wanaoutaja mzimu, anavuta kiko chake, na tukifika mwisho tunabaki na binadamu wenye hila zao. Katika vitabu ninavyovilinganisha hapa, mpelelezi huchimba vilevile, ila akifika chini anaukuta mzimu kweli, na pengine mzimu huo ndio shahidi wake.

Neno "mchawi" nalo linatupotosha. Kwa Kiswahili mchawi ndiye mtuhumiwa. Anayeitwa kumsaka ni mganga. Dresden amejitangaza kwenye kitabu cha simu kuwa mchawi, lakini ukiangalia kazi yake ni mganga mtupu: anatafuta vilivyopotea, anachunguza yasiyoelezeka, anatoa ushauri kwa malipo, na tangazo lake linasema wazi kwamba dawa za mapenzi hauzi. Ukimsoma kama mganga aliyeishiwa, nusu ya utata unaondoka.

Tuanze naye, basi, kwa kuwa wengi huanza naye. Storm Front, kitabu cha kwanza, kinafungua kwa maiti mbili hotelini, mwanamume na mwanamke, mioyo yao imepasuka kifuani. Polisi wa kitengo cha mambo yasiyo ya kawaida, wakiongozwa na Karrin Murphy, wanamwita. Siku hiyohiyo mama mmoja anamwajiri amtafutie mumewe. Kodi imechelewa. Na juu ya yote hayo liko Baraza Jeupe, wakubwa wa wachawi, ambalo tayari lina faili lake: aliwahi kuua kwa uchawi, na ingawa alikuwa akijitetea, anaishi chini ya hukumu ya kifo iliyosimamishwa. Kosa moja tu, na mtu mwenye upanga anayemfuatafuata atapata ruhusa.

Hilo ni deni la noir hasa, na Butcher alilifunga vizuri. Alifanya jambo jingine la akili: uchawi wa Dresden unaharibu mitambo. Hana kompyuta, nyumbani hana maji ya moto, anawasha mishumaa, anaendesha Volkswagen ya zamani inayozimika ovyo. Kwa hila moja mwandishi amemrudisha mtu wa mwaka 2000 kwenye miaka ya 1940, bila simu ya mkononi ya kumwokoa kila anapokwama.

Lakini mfululizo huu haukubaki pale. Kufikia mwaka 2020 ulikuwa na vitabu 17, na kila kitabu kinamwongezea Dresden nguvu, marafiki, maadui wakubwa na vita vikubwa zaidi. Kodi ya nyumba inasahaulika. Hapa wasomaji hugawanyika. Wapo wanaosema utamu hasa ni huo, kumwona mtu wa chini akikua mpaka anasimama mbele ya wafalme wa ulimwengu mwingine, na vitabu vya mwanzo ni ngazi tu za kufikia huko. Wapo pia, nami ni mmoja wao, wanaomkumbuka yule mganga wa chumba cha chini ya ardhi na paka wake. Sisemi kwamba vitabu vya baadaye ni vibaya. Vingine vina mapigo mazuri kuliko vya mwanzo. Ila deni la kwanza limelipwa, na lililokuja mahali pake ni deni la shujaa, la kuiokoa dunia, ambalo si la noir tena.

Malalamiko mengine unayaweza kuyatarajia kabla hujafungua. La kwanza: vitabu viwili vya mwanzo ni dhaifu. Kwa hiyo utashauriwa uanzie cha tatu, Grave Peril, au cha nne, Summer Knight, au hata uruke mpaka cha saba, Dead Beat. La pili: namna Dresden anavyowaelezea wanawake. Kila mwanamke anayeingia mlangoni anapimwa kwanza kwa macho, na wasomaji wengi, hasa wanawake, huliona hilo kuwa kero inayojirudia. Watetezi husema ni udhaifu wa mhusika, tena ni urithi wa noir ya zamani. Utetezi huo una kikomo. Chandler naye alikuwa na macho hayo, lakini urithi si lazima uupokee wote. Kama jambo hili linakukera kwenye kurasa thelathini za kwanza, usijidanganye kwamba litatoweka haraka.

Kuhusu kuruka vitabu, mimi nasema usiruke. Ukianzia cha nne unamkuta Dresden aliyeanza kupanda. Unakosa kuona alikotoka.

Halafu kuna kofia. Majalada ya toleo la Marekani, kazi ya mchoraji Chris McGrath, yanamwonyesha Dresden na kofia pana, akiwa na fimbo yake gizani. Ndani ya vitabu havai kofia. Wasomaji wameufanya mzaha wa kudumu, na Butcher mwenyewe hujiunga nao. Mimi huona kofia ile inaeleza jambo: kuna noir ya koti na noir ya mfupa. Ya koti ni mvua, kivuli, mdomo mkali, mteja anayeficha ukweli. Ya mfupa ni lile deni lisilolipika. Kitabu kinaweza kuwa na moja bila nyingine, na ni vizuri uijue unayoitaka kabla hujatoa pesa.

Sasa mweke Dresden kando ya Peter Grant. Rivers of London ya Ben Aaronovitch ilitoka mwaka 2011. Marekani iliuzwa kwa jina Midnight Riot, kwa hiyo usinunue mara mbili. Peter ni konstebo kijana wa polisi wa London. Usiku mmoja analinda eneo la mauaji Covent Garden, mtu amekatwa kichwa, na shahidi pekee anayejitokeza ni mzuka. Kabla ya hapo Peter alikuwa hatarini kupelekwa kwenye kitengo cha kujaza makaratasi. Badala yake anachukuliwa na Inspekta Thomas Nightingale, mchawi wa mwisho rasmi wa Uingereza, awe mwanafunzi wake.

Kwa juu wanafanana kama mapacha: nafsi ya kwanza, mizaha, askari wa kike mwenye akili karibu yao, na hata ile sheria ya uchawi kuharibu mitambo. Lakini angalia wanavyoitumia. Dresden anaharibikiwa na kila kitu na anavumilia. Peter anaharibikiwa na simu, kisha anaifungua kuona ndani kimeungua nini, anafanya majaribio, anaandika matokeo, na baadaye anaweka swichi ya kukata betri. Mmoja anaishi na mkosi; mwingine anautungia utaratibu.

Na Peter ana mshahara. Hiyo ndiyo tofauti inayozaa nyingine zote. Dresden akikosea anaweza kulala njaa. Peter akikosea anaandika ripoti. Anapokutana na mungu wa kike wa mto Thames, mama wa Kinigeria aliyezungukwa na binti zake ambao kila mmoja ni kijito cha London, hapigani naye. Anakaribishwa chakula, na anajua kwamba akila bila kuuliza masharti amejifunga. Peter mwenyewe mama yake ametoka Sierra Leone na baba yake ni mpiga jazi, kwa hiyo adabu ya kwenda nyumbani kwa mama mkubwa hahitaji kufundishwa. Msomaji wa Kiswahili huenda akacheka sehemu hizi mapema kuliko msomaji mwingine.

Je, hiyo ni noir? Kwa koti, kidogo. Kwa mfupa, ngoja. Kitabu kinakwenda kwa uchangamfu hadi karibu na mwisho, kisha mtu mmoja anaumia, na jeraha hilo halifutwi na uchawi wowote kitabu kikiisha. Linaendelea kulipwa vitabu kadhaa mbele, tena kwa riba. Wasomaji waliouchukulia mfululizo huu kama burudani ya Jumapili husema ndipo walipogutuka. Mimi naona Aaronovitch ameficha mfupa ndani ya nyama nyingi kuliko wenzake wote.

Lawama anazopata ni za namna mbili. Wengine wanachoka na Peter anaposimamisha msako ili aeleze historia ya jengo, nani alilijenga, kwa nini dirisha lake ni baya. Wengine ndizo kurasa wanazozisubiri. Lawama ya pili ina uzito zaidi: fumbo la kitabu kimoja halikamiliki vizuri, kwa sababu adui mkubwa, Mtu Asiye na Uso, anaanza kuonekana kitabu cha pili na kesi yake haifungwi hadi cha saba, Lies Sleeping, cha mwaka 2018. Kama unataka kisa kianze na kiishe, mfululizo huu utakusumbua, ingawa kitabu cha kwanza peke yake kinasomeka bila dhiki.

Nikae kidogo na Zoo City, kwa sababu ndicho kitabu ninachokirudia, na ndicho kinachokataliwa na watu ambao ningedhani watakipenda.

Lauren Beukes alikitoa mwaka 2010, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Arthur C. Clarke, ya riwaya za sayansi ya kubuni. Mji ni Johannesburg. Katika dunia hii, mtu aliyebeba hatia nzito hupata mnyama. Si mnyama wa kufugwa. Hawezi kuachana naye, wakitenganishwa mwili wote unauma, na mnyama akifa, giza fulani huja kumchukua mtu wake. Hakuna anayejua giza hilo ni nini. Hilo tu linatosha: huwezi kuificha historia yako, kwa sababu unatembea nayo begani, na kila mwajiri, mwenye nyumba na askari anaiona kabla hujafungua mdomo.

Zinzi December amebeba slothi, yule mnyama mzito anayetambaa mtini taratibu. Zamani alikuwa mwandishi wa habari, akaingia kwenye dawa za kulevya, kaka yake akafa kwa sababu yake, akafungwa. Pamoja na mnyama kila mmoja hupata kipaji, na cha kwake ni kuona nyuzi zinazounganisha watu na vitu walivyopoteza. Anaishi kwa hilo: pete, funguo, vitu vidogovidogo, kwa ujira mdogo. Watu waliopotea hataki kuwagusa. Halafu mteja wake anauawa, malipo yanakwenda na maji, na anakubali kazi aliyoapa hataifanya, kumtafuta binti mwimbaji aliyetoweka, kwa tajiri wa muziki asiyetoka nyumbani kwake.

Mganga hajigangi. Zinzi anaona nyuzi za kila mtu. Alichokipoteza yeye hakitafutiki. Na deni lake si la methali, ni la pesa kabisa: wauza dawa wanamdai, riba inapanda, na ili kulipunguza anawaandikia barua pepe za utapeli, zile za mjane wa waziri mwenye mamilioni yaliyokwama. Beukes hamfichi. Tunaziona barua hizo, tunaona jinsi Zinzi anavyoziandika kwa ustadi, tunaona pia anapolazimika kukaa ana kwa ana na waliotapeliwa. Kipaji cha uchawi kinamwingizia senti, uongo unamwingizia noti. Sijaona riwaya nyingine ya aina hii iliyouweka uchawi chini kiasi hicho kwenye orodha ya vitu vyenye thamani mjini.

Tena Beukes ana mizaha ya kimya kwa wapenzi wa noir ya zamani. Watu wawili wanaomletea Zinzi kazi ya tajiri yule wanajulikana kwa wanyama wao: mmoja ana kimbwa cha Kimalta, mwingine korongo wa aina ya marabou. Mmalta na ndege. Aliyesoma The Maltese Falcon, yaani kozi wa Malta, ya Hammett atatabasamu.

Kwa nini basi watu hukiacha? Sababu ya kwanza ni kwamba uchawi wake hauelezwi. Wasomaji waliozoea Dresden, ambako kila nguvu ina kanuni na gharama zake, huuliza: wanyama walianza lini hasa, nani anachagua aina ya mnyama, giza lile linatoka wapi? Kitabu kinatoa dondoo za makala za kisayansi, mahojiano na wafungwa, uhakiki wa filamu, na kila dondoo lina nadharia yake, hakuna linalothibitishwa. Wengine huona dondoo hizo zinakata mbio za kisa. Kwangu mimi ndizo zinazoufanya mji uaminike, maana hata magonjwa ya kweli watu huyaeleza kwa nadharia kumi. Sababu ya pili ni mwisho. Sehemu ya mwisho inakimbia, ina damu nyingi, na baadhi ya maswali yanajibiwa kwa pupa. Hapo lawama nazikubali. Kurasa hamsini zaidi zingekisaidia.

Na sababu ya tatu ambayo watu huisema kwa kuzunguka: Zinzi hapendezi. Anadanganya, anajua anadanganya, na hajutii kwa namna ya kumfurahisha msomaji. Mwanamume wa noir akiwa hivyo huitwa mgumu. Mwanamke akiwa hivyo msomaji huanza kuhoji maadili yake. Inafaa ujiulize kabla ya kulalamika.

Kando ya Zinzi, Inspekta Tyador Borlú wa The City & The City ni mtu wa baridi kabisa. China Miéville alikitoa mwaka 2009, na mwaka 2010 kikapata tuzo ya Hugo, kwa kugawana na kitabu kingine, pamoja na World Fantasy na Arthur C. Clarke. Kisa: maiti ya msichana aliyeuawa imepatikana mjini Besźel. Lakini Besźel na mji mwingine, Ul Qoma, viko mahali pamoja. Barabara moja ina upande wa mji huu na upande wa mji ule, na kuna mitaa ambayo nyumba zimechanganyikana. Raia wa kila mji amefunzwa tangu utotoni kutowaona watu, magari na majengo ya mji wa pili. Si kufumba macho; ni kuona na kukana papo hapo, kwa mazoea, mpaka inakuwa kama kupumua. Anayevunja sheria hiyo huchukuliwa na mamlaka inayoogopwa kuliko polisi wa miji yote miwili.

Ukitafuta uchawi humu hutauona. Hakuna anayerusha chochote. Ndiyo maana wasomaji hubishana bila kuchoka kama hiki ni fantasia au ni riwaya ya polisi yenye jiografia ya ajabu. Mimi sina haja na ubishi huo, ila ni muhimu kwa mnunuzi: aliyekuja kwa mapepo ataondoka na njaa. Aliyekuja kwa mfupa wa noir atashiba kuliko kwingine, kwa sababu deni la Borlú ni la utii. Ametii maisha yake yote, na kesi inamsukuma hatua kwa hatua kuelekea mahali ambapo atalazimika kuona. Miéville alikiandika kwa ajili ya mama yake, mpenzi wa riwaya za upelelezi aliyekuwa mgonjwa mahututi, na inaonekana: kanuni za mchezo amezishika, dalili zimepangwa kwa haki, hakuna suluhisho linaloanguka kutoka angani.

Ugumu wake uko mwanzoni. Kurasa hamsini za kwanza hazikuelezi sheria. Unazikamata mwenyewe kutokana na macho ya Borlú yanavyokwepa vitu. Wengi huacha hapo. Ukivuka, kasi inakuja yenyewe.

Vingine viwili nivipitie haraka. Sandman Slim ya Richard Kadrey (2009) ni ya James Stark, aliyetoka jehanamu baada ya miaka kumi na moja kuja Los Angeles kulipiza kisasi. Hakina sura, kinakwenda moja kwa moja kama mtu anayekimbia bila kupumua, na matusi ni mengi. Hapa mhusika hadaiwi, yeye ndiye anayedai. Kwa hiyo giza lipo lakini dhiki ya noir ni ndogo. Night Watch ya Sergei Lukyanenko (1998) inakupeleka Moscow, ambako watu wa Nuru na wa Giza wamefunga mkataba na kila upande una askari wa kuuchunga upande wa pili usivunje mkataba. Ni visa vitatu katika kimoja, na Anton, mhusika mkuu, anagundua polepole kwamba wakubwa wa Nuru nao wanacheza na watu kama karata. Kama umewahi kufanya kazi chini ya bosi mwenye nia njema usiyemwelewa, utamwelewa Anton.

Sasa uchaguzi wenyewe. Lugha kwanza, maana wengi wetu tutavisoma kwa Kiingereza, na hapa tofauti ni kubwa. Butcher ni mwepesi. Sentensi fupi, kitendo baada ya kitendo, unaweza kusoma ukiwa umechoka. Aaronovitch anataka uvumilie vifupisho vya kipolisi na lahaja za London. Beukes anachanganya maneno ya mitaani ya Johannesburg, na hakusubiri uyafasiri. Miéville ana msamiati mzito na majina yenye herufi ngeni, ila hiki ndicho kitabu chake kilichonyooka zaidi kati ya nilivyosoma.

Muda nao ni jambo. Zoo City na The City & The City vinaisha vilipoishia, hakuna kitabu cha pili. Ukiingia kwa Peter Grant, kufikia mwaka 2022 kulikuwa na riwaya tisa ndefu, mbali na visa vifupi na vitabu vya katuni. Ukiingia kwa Dresden umeoa. Mashabiki wake walisubiri kutoka mwaka 2014 hadi 2020 kupata kitabu kipya, kisha wakapewa viwili ndani ya mwaka mmoja, Peace Talks na Battle Ground, na wengi wakalalamika kwamba cha kwanza ni nusu ya hadithi iliyokatwa. Aliyeingia mapema ana haki ya kunung'unika; wewe unayeanza leo una bahati ya kuvisoma vikifuatana.

Kwa mtu anayetaka kuliwazwa baada ya siku mbaya, nampa Peter. Kwa mtu anayependa kumwona mnyonge akipanda, Dresden, na nitamwonya kuhusu yale macho. Aliyezoea Chandler na anayedhani uchawi ni mambo ya watoto, nampa Borlú bila kumwambia kwamba kimepata tuzo ya fantasia. Zoo City nampa yule anayeniuliza nimpe kizuri tu, bila masharti, halafu nasubiri aje kugomba.

Limebaki jambo la masikio. Noir ni sauti kabla ya kuwa kisa, na vitabu hivi viwili vya mfululizo vina wasomaji wa sauti ambao mashabiki hawakubali wabadilishwe. Peter Grant husomwa na Kobna Holdbrook-Smith, na lahaja zile zinazosumbua kwenye karatasi kwake zinanyooka zenyewe, kila mto una sauti yake. Dresden husomwa na mwigizaji James Marsters, anayesikika kama mtu asiyelala siku tatu. Mwaka 2011 Ghost Story ilipotoka, Marsters hakupatikana, kikasomwa na John Glover, mwigizaji mzuri kwa haki yake. Wasikilizaji walilalamika kana kwamba Dresden mwenyewe ameibiwa, hata mwaka 2015 kikatolewa upya kwa sauti ya Marsters. Kwa hiyo kama bado unasitasita kati ya Chicago na London, acha kusoma maoni ya watu, yangu yakiwemo. Tafuta dondoo la bure la dakika chache la kila mmoja, usikilize ukiwa unaosha vyombo, na utakapojikuta umesimama na sahani mkononi maji yakimwagika, huyo ndiye wa kuanza naye.